Celica ya 1974 iliyolala Bwiru miaka 17: uzi wa kununua, kufufua na kutunza gari za spoti za zamani huku kwetu ziwani

Mleta uzi

Mwangaluka wakuu. Huu uzi niliuahidi muda sana kwa wale tuliokuwa tunabishana kule kwenye uzi wa GX100 (zile Toyota Mark II), nikawa napiga danadana mana gari ilikuwa bado iko vipande vipande gereji, sa imetoka, ina rangi, inatembea, nimeshaenda nayo Magu na kurudi, kwahiyo leo nakaa naandika.

Gari yenyewe ni Toyota Celica TA22, ile kupe ya milango miwili, ya 1974, injini ya 2T cc 1588, gia nne za mkono, namba A. Ilikuwa imelala chini ya mwembe Bwiru kwa mzee mmoja mstaafu tangu 2005. Mimi nimeiona tangu nasoma, tulikuwa tunapita pale tukitoka shule naona pua yake imetokeza kwenye majani, taa nne za duara zinakuangalia. Mzee akafariki, na 2022 nikasikia watoto wanataka kuiuza kwa wanaonunua chuma chakavu kwa kilo. Kwa kilo wakuu! Sikulala siku ile.

Sasa kitu cha kwanza nataka mnielewe, na kama utasoma hapa tu ukaondoka basi ondoka na hili: gari ya zamani unanunua BODI. Watu wengi wakienda kuangalia gari wanakimbilia kufungua boneti, wanauliza inawaka? Kuwaka sio ishu. Injini ya 2T iliingia kwenye Corolla, Carina na Celica za enzi zile, na Carina na Celica zilitoka pamoja mwisho wa 1970 zikiwa zimejengwa juu ya sakafu moja, yaani vitu vingi vya chini ukikosa cha Celica utapata cha Carina. Lakini fenda ya Celica utaitoa wapi? Bati la nyuma juu ya tairi? Kioo cha mlango kisicho na fremu? Hakuna duka. Bodi ikiwa imeliwa na kutu, umenunua kadi na usukani.

Na huku kwetu bodi inaliwa kimyakimya. Watu wanasema ziwa ni maji baridi hayana chumvi kama ya Dar au Tanga, kweli, gari iliyokaa pwani nayo nisingeigusa bila kulala chali chini yake, lakini unyevu ni unyevu. Asubuhi pale Bwiru gari limelowa kama limeoshwa, maji yanaingia kwenye milango yanakaa chini kwenye sili (lile bati la kizingiti chini ya mlango), majani ya mwembe yanaziba vitundu vya kutolea maji, basi imekwisha. Na kuwa makini sana na pikapu au gari yoyote iliyowahi kubeba samaki, yale maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yakishaingia kwenye sakafu hayatoki.

Nilienda na tochi, sumaku ndogo nimeifunga kitambaa, bisibisi na gunia la kulalia chini. Sumaku unaipitisha kwenye bodi taratibu, ikishika sawa kote ni bati, ikifika mahali ikaachia ujue chini yake kuna puti (ile plasta ya kuzibia mashimo). Yangu iliachia kwenye upinde wa tairi la nyuma kushoto na chini ya kioo cha mbele. Bisibisi unagonga gonga chini, kwenye sili, kwenye sakafu miguuni kwa dereva, pale betri inapokaa, na pale shokapu za mbele zinapofungwa juu, hapo kwenye shokapu ndio muhimu kuliko pote, mana pakioza gari linakunja. Mlio wa bati zima unaujua, tii tii, bati bovu linatoa sauti ya boksi. Sakafu ya dereva bisibisi ilipita. Shokapu zote mbili pako imara kama jana. Nikasema hii nachukua.

Nitaendelea na habari ya makaratasi, hapo napo nilipata tabu.

Mdau wa Nyakato

Nimeweka kambi hapa. Tunaomba picha mkuu, hata moja tu ya kabla.

Mdau wa Dar

Duh kupe ya 74. Mzee wangu alikuwa na Carina ya rangi ya maziwa, nalijua lile dashibodi. Endelea mkuu, na usiache bei.

Mleta uzi

Picha zinakuja usiku nikifika kwenye intaneti nzuri.

Makaratasi. Mwenye gari amefariki, kwahiyo hata kama mtoto mkubwa ndiye anakushika mkono na funguo anazo, yeye sio muuzaji. Muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mimi kwa haraka yangu ya kuogopa chuma chakavu nikatoa advansi ya laki tano kwa mtoto mmoja, tukaandikishana mbele ya mashahidi, wiki mbili baadae dada yake akaja kutoka Shinyanga anasema gari haiuzwi. Ilichukua miezi minne. Hakuna aliyekuwa mbaya pale, ni familia ina msiba na kila mtu ana kumbukumbu yake kwenye ile gari, dada mtu alifundishwa kuendesha humo. Tuliyamaliza kwa kukaa chini, barua ya mahakama ikatoka, nikalipa milioni tatu na laki mbili jumla, na nilimwahidi dada gari ikikamilika yeye atakuwa wa kwanza kupanda. Kwahiyo omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi KABLA hela haijatoka mfukoni.

Cha pili, kabla ya kulipa chukua namba ya gari uulize TRA (mamlaka ya mapato) kama ina madeni. Ile ada ya kila mwaka ilifutwa 2017, ila gari iliyolala bila kutolewa kwenye usajili inaweza kuwa na deni la miaka ya nyuma ya hapo, usije ukabebeshwa wewe. Cha tatu linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati na iliyopo kwenye kadi, herufi kwa herufi, pangusa masizi kabisa usome. Namba ya injini pia.

Mdau wa Igoma

Mkuu hongera ila mimi naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Kwanini uteseke na 2T ya kabureta? Injini za Carina Ti zimejaa tele, 4A ina injekta (mafuta yanapulizwa kwa kompyuta badala ya kabureta), inawaka asubuhi mara moja, mafuta inakula kidogo. Au hata 1G ya GX100 ukachomeka humo, gari ingekuwa na nguvu ya kweli. Gari ya spoti isiyokimbia inanipa shida kuielewa.

Mleta uzi

Kaka wa Igoma swali lako ni zuri na nililiwaza mwezi mzima, wacha nikujibu kwa urefu.

Kwanza 4A ya Carina Ti inavuta mbele, imekaa kwa kulala upande na giaboksi yake iko pembeni. Celica inavuta nyuma, injini inakaa kwa urefu, nyuma yake giaboksi, propela, difu. Ukitaka 4A ikae humo unatafuta giaboksi na kengele (lile ganda linalounganisha injini na giaboksi) ya gari ya kuvuta nyuma, kama ile Corolla ya AE86 ya miaka ya 80, sampo ya oili ubadilishe, manifoldi ya injekta uhamishe, waya zote mpya. Ukimaliza kuhesabu umeshazidi hela ya kufanya oveholi 2T mara mbili.

1G ya GX100 yenyewe imekaa sawa, inavuta nyuma, ila ni silinda sita mstari mmoja, ndefu na nzito, unaiweka kwenye gari ambayo kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mita 2.4 na ushee. Pua inakuwa nzito, breki ni zile zile za 1974, diski ndogo mbele na ngoma nyuma, stelingi ya boksi. Umeongeza nguvu kwenye gari ambayo haijajengwa kuisimamisha nguvu hiyo. Barabara ya Mwanza Musoma unaijua, ng'ombe wanavuka bila taarifa. Na ukibadili injini lazima kadi nayo ibadilishwe TRA, trafiki akifungua boneti akakuta namba tofauti utaeleza mpaka jioni.

Lakini hata hayo yote yangewezekana, mimi nisingefanya. Mzee aliyekuwa nayo aliisikia gari hii ikinguruma kwa sauti ya 2T na kabureta ikivuta hewa. Hiyo ndio gari. Nikitaka injekta nina Spacio yangu.

Mdau wa Igoma

Nimekuelewa kaka. Hapo kwenye breki sikuwa nimepafikiria.

Mzee wa Musoma

Habari zenu vijana.

Mmenikumbusha mbali. Mimi nimefanya kazi ya umakanika tangu nikiwa kijana mdogo, kabureta nimefungua mpaka vidole vinajua vyenyewe. Hizi gari mnazoziita za zamani sisi tulizipokea mpya. Enzi zile za rali ya East African Safari dunia nzima ya wenye magari ilikuwa inaangalia huku kwetu, na vijana wengi hawajui kwamba 1966 na 1967 mshindi alikuwa mkazi wa Tanzania hii hii, Bert Shankland, na Peugeot 404, na mwenzake Chris Rothwell akimsomea njia. Halafu ikaja Datsun 240Z, 1971 Herrmann, 1973 Shekhar Mehta. Ile ya 1973 mnajua Mehta alifungana pointi na Källström wa Datsun nyingine, wakaangalia nani alienda mbali zaidi bila kupoteza pointi ndio wakampa Mehta. Celica yenyewe ilikuja kutawala baadae, 1984, 1985 na 1986 mfululizo, ila hiyo ilikuwa ya turbo, sio kama ya kijana hapa.

Sasa kijana nikuulize, kabureta umeiseti kwa wapi? Gari iliyosetiwa Dar ukiileta Mwanza itatoa moshi mweusi na plagi zitakuwa na masizi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, lakini kabureta haijui, inamwaga petroli ile ile. Injekta ina kompyuta inajipunguzia yenyewe, kabureta inapunguzwa na fundi. Watu wanafungua injini nzima bure, kumbe ni jeti tu, kile kitundu cha kupitishia petroli.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kuja, na hilo la jeti umenigusa mahali nilipoumia.

Baada ya kuwasha mara ya kwanza gari ilikuwa inakohoa, inavuta uvivu, plagi zikitoka nyeusi tii. Fundi wa kwanza akasema ringi zimekwisha, tushushe injini. Mimi kwa bahati nilikuwa nimepima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda tatu zilikuwa zinacheza kwenye 140, ya nne 90. Nikaweka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya nne, nikapima tena, ikabaki 90 ile ile. Kama ni ringi oili ingeziba ikapanda kidogo. Haikupanda, maana yake ni valvu. Tukatoa hedi peke yake, tukakuta valvu moja ya ekzosti imeungua ukingo. Hedi ikaenda kuchongwa, valvu zikasagwa, gasketi mpya, injini haikushuka. Ila moshi mweusi ukabaki! Ndipo fundi mmoja mtu mzima kule Mabatini akanambia maneno hayo hayo unayosema mzee, hii kabureta ina jeti kubwa kwa huku. Tukashuka saizi mbili. Plagi sasa zina rangi ya kahawa ya maziwa.

Nirudi nyuma kidogo kwa wanaotaka kuwasha gari iliyolala miaka mingi. Usipige stata! Toa plagi zote, mimina dizeli kidogo iliyochanganywa na ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kila silinda, acha siku nne tano, halafu zungusha kwa mkono na spana kwenye puli ya kranki, taratibu, ikigoma usilazimishe, ongeza, subiri. Yangu ilizunguka siku ya sita, niliskia kama mtu anapumua. Mwaga oili, badilisha filta, tangi la mafuta lishushe kabisa mana ndani kuna kutu na petroli iliyogeuka gundi, na fungua kabureta yote uioshe. Ukiwasha na ile petroli ya zamani unaziba kila tundu.

Mdau wa Bukoba

Kaka pole na hongera. Mimi ni mwanamke na napenda hizi gari tangu utoto, baba alikuwa na Datsun 120Y. Niko najikusanya, ndoto yangu ni 240Z kutoka Japani. Naomba ushauri kwenye mambo mawili, gharama za kuingiza, na bodi ulifanyaje, mana huku Bukoba mvua ni mwaka mzima.

Mleta uzi

Dada karibu sana.

240Z ni gari nzuri mno ila hesabu ifanye mapema. Unalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani pamoja na usafiri na bima, halafu ushuru wa bidhaa, na injini ile ni cc 2393 kwahiyo imevuka 2000 unaingia daraja la juu, juu yake ule wa uchakavu kwa kuwa imezidi miaka 10, halafu VAT asilimia 18 inakuja juu ya vyote hivyo ikiwa imejumlishwa, sio juu ya bei peke yake. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, ingia ujaze, na viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Na bei za 240Z huko Japani na Marekani zimepaa. Ukiipata, angalia sakafu, reli za chini, pale betri inapokaa na mlango wa nyuma, hapo ndio zinaoza. Ila kama moyo wako ni gari ya spoti ya zamani na sio lazima Z, zunguka kwanza kwenye nyumba za wazee hapo hapo Bukoba, Karagwe, Biharamulo. Zipo chini ya migomba huko, naamini kabisa.

Na anayefikiria za Kiingereza kama MGB, kumbuka petroli ya risasi iliondolewa huku Afrika kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa 2006. Zile injini zenye hedi ya chuma cha kalibu zilitegemea ile risasi kulinda viti vya valvu, bila hiyo vinaliwa taratibu, itabidi hedi ichongwe uwekewe viti vigumu. Datsun na Toyota zenye hedi ya aluminiamu zilikuja na viti vya kuchomekwa, hazisumbui sana hapo.

Sasa bodi. Hapa ndio nilikaa miezi kumi na moja.

Tulivua kila kitu. Siti, dashibodi, vioo, mlango, mpaka likabaki ganda. Kila nati niliweka kwenye mfuko wa plastiki nikaandika kwa kalamu, "bawaba ya mlango kulia juu", na kupiga picha kabla ya kufungua. Kama hujaandika utajuta, mana unafungua Machi unafunga Desemba, kichwa hakikumbuki.

Fundi bodi wengi huku wakikuta tundu wanaweka kipande juu yake wanachomelea pembeni kisha puti. Kile cha chini kinaendelea kuoza, na sasa unyevu umenaswa katikati. Nilikataa. Tulikata bati bovu lote mpaka tukafika kwenye bati lenye kung'aa, hata kama tundu la ukubwa wa sahani linakuwa la sinia, halafu tukakunja bati jipya la geji 20 kwa umbo lile lile, tukalichomea ukingo kwa ukingo, nukta moja hapa nukta moja kule, unaacha lipoe. Ukichomelea mstari mmoja mrefu, tena kwa gesi, bati linajikunja kama chapati. Sakafu ya dereva, sili ya kushoto, upinde wa nyuma, chini ya kioo cha mbele. Shokapu hatukugusa, Mungu ni mwema.

Na hili nawaambia watu wa ziwani: usiache bati tupu lilale. Ukilisaga asubuhi hadi limeng'aa, kesho yake limeshakuwa na wekundu. Saga sehemu utakayoimaliza siku hiyo hiyo, pangusa na tina, piga praima ya epoksi kabla jua halijazama.

Rangi ndio niliumia. Fundi alikuwa na gereji ya wazi karibu na maji, upande wa Kirumba, mchana kulikuwa na upepo na vumbi akasema tupige usiku upepo ukitulia, akawasha taa kubwa mbili. Mnajua kilichotokea. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi. Kufikia saa mbili usiku boneti na paa vilikuwa vimejaa wadudu wamenasa kwenye rangi mbichi, maelfu. Nilikaa chini kwenye tofali nikaangalia tu, sikuwa na neno. Tukasubiri ikauke, msasa upya gari zima, lita tatu za rangi ya 2K zimeenda. Mara ya pili tulipiga Julai, asubuhi saa moja, ndani ya banda lililozibwa turubai, huko Buhongwa mbali na maji, sakafu imemwagiwa maji kuzuia vumbi. Ikatoka kama kioo. Kwahiyo dada, banda lililofungwa, mbali na ufukwe, msimu wa kiangazi, na usiku taa zizimwe.

Baada ya rangi, ndani ya milango na sili nilipuliza oili nzito iliyochanganywa na nta kupitia vitundu, na vitundu vya kutolea maji nikavizibua vyote. Hiyo ndio kinga ya kweli, rangi ya nje ni urembo.

Mdau wa Bukoba

Asante sana kaka, nimehifadhi maneno yote. Hilo la wadudu huku pia tunalo, nisingekumbuka.

Mdau wa Nyakato

Chukua maua yako mkuu. Sasa matunzo, maana naona wengi wanafufua gari halafu baada ya mwaka imerudi chini ya mwembe.

Mleta uzi

Hiyo ni kweli na inaniuma. Gari hizi zinakufa kwa kukaa. Yangu naitembeza kila Jumapili, sio kuwasha tu uani dakika tano, hapana, hiyo ya kuwasha bila kutembea ni mbaya, oili haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu, maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosti. Natoka nayo Kisesa hadi Magu, injini inashika joto lake, breki zinafanya kazi, giaboksi inapata mafuta.

Tangi naliacha limejaa. Tangi nusu lina hewa, usiku hewa inapoa, maji yanatengenezeka kwenye bati la ndani, kutu inaanza, inateremka kwenye kabureta.

Maji ya bomba kwenye rejeta HAPANA. Huku ni mazoea, fundi anachota ndoo anajaza. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu, ukiweka maji matupu katikati metali hizo mbili zinakulana, njia za maji zinaziba, hedi inapata joto inapinda. Weka kulanti, badilisha kila miaka miwili. Mafuta ya breki nayo miaka miwili, mana yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu unyevu umo wa kutosha. Mimi masta silinda na mipira yote ya breki nilibadilisha kabla gari haijatembea hata mita moja.

Pointi za distribyuta nasafisha na kupima kila kilomita elfu tano hivi, nina fila geji yangu, ni kazi ya robo saa. Oili naweka 20W-50. Tairi angalieni tarehe, ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa na miaka kumi na tano, limekauka, linapasukia kasi ya mia.

Spea: zote nimepata kwa kuulizia watu. Mipira ya shokapu na bushi Dar, pale Gerezani, kit ya kabureta ilitoka Nairobi ikaja kupitia Sirari na mtu wa basi. Wakenya wamezitunza hizi gari kuliko sisi, wana Concours d'Elegance yao kila mwaka Nairobi na wana rali ya Safari Classic tangu 2003, kwahiyo mafundi na spea vipo kule.

Jumla ya yote, gari na kazi, nimetumia kama milioni 14 kwa miaka miwili na nusu. Sikutoa kwa mkupuo, kila mwezi kidogo kidogo. Siiuzi.

Mzee wa Musoma

Umefanya kazi ya kiume kijana wangu. Ukija Musoma nipitie, nina kabureta mbili za 2T kwenye sanduku, moja haijafunguliwa tangu itoke dukani. Sina wa kumwachia, vijana wangu wanaendesha otomatiki.

Mleta uzi

Mzee wangu nimekosa la kusema. Nakuja. Nikitoka saa kumi na mbili asubuhi nikapitia Lamadi na Bunda saa nne nitakuwa nimefika, na nitakuja na Celica yenyewe uisikilize.

Mdau wa Dar

Mkuu yule dada wa Shinyanga alipanda?

Mleta uzi

Alipanda. Alikuja Desemba na wanae wawili. Nilimpa funguo, akakaa upande wa dereva, akasogeza siti mbele, akashika gia akaitafuta namba moja bila kuangalia. Tulitoka Bwiru tukapita Kirumba mpaka mjini, tukazunguka Capripoint, tukasimama pale unapoliona jiwe la Bismarck. Njia nzima hakuongea. Kurudi akanambia baba yake alikuwa anabadili gia kwa kukanyaga klachi mara mbili, na yeye nimemuona anafanya hivyo hivyo.

Kitu kimoja bado nakitafuta wakuu, mpira wa kioo cha nyuma wa kupe TA22. Wa mbele nilipata, wa nyuma nimeunga unga kwa mpira wa mita na mvua kubwa maji yanapenya yanaenda kwenye buti. Mwenye nao, au anayejua gari iliyolala popote kuanzia Sengerema mpaka Tarime, aje inboksi.

Mdau wa Sengerema

Kuna moja huku nyeupe, haina injini, iko nyuma ya godauni la pamba. Kioo cha nyuma kipo. Nakuja inboksi.